Misumari Mitano

Hoteli ya Rosebella pale Amalemba ina kimya chake cha saa nne asubuhi. Wateja hushusha sauti bila kuambiwa, kwa sababu hiyo ndiyo saa aliyokuwa akiingia mkaguzi wa leseni. Hakubisha hodi. Alisimama mbele ya ukuta wenye karatasi tano za leseni, kila moja na msumari wake, akazipapasa kwa kidole kirefu chenye wino, midomo ikichezacheza bila sauti. Mwaka ambao karatasi ya afya ilichelewa, alitoa kufuli mfukoni akaufunga mlango kwa siku tisa, na maziwa yakaoza ndani.

Mwaka wa tisini na tisa serikali ikaunganisha leseni zote kuwa moja, na kazi yake ikaisha. Yeye hakuisha. Aliendelea kuja, akapapasa karatasi moja na misumari minne mitupu kwa utaratibu uleule.

"Huyu mzee anasomanga nini kwa ukuta?" Shikanga, fundi wa baiskeli, alicheka. Alicheka peke yake.

"Mzee, siku hizi ni moja tu," Rosebella alisema.

"Najua, mama." Kidole kikasimama kwenye msumari wa mwisho. "Lakini hii ya afya imechelewa." Akatoa lile kufuli.

Rosebella aliuziba mlango kwa mwili wake, mikono ikiwa bado na unga wa chapati. "Hapa hufungi tena."

Mzee aligeuka akarudi ukutani. Kisha akalitundika kufuli msumarini, akalibana mpaka likajifunga kwa mlio, akampita polepole kama mtu anayetoka matangani.

Hakuna aliyeligusa. Sasa mzee anaishi Lumakanda kwa dada yake, na ufunguo uko naye.