Salamu za Gizani, Barabara ya Matai

Nilianza kukimbia baada ya daktari kuniambia sukari imeanza kunibishia hodi. Mama yangu alikatwa mguu kwa sukari, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Saa kumi na moja alfajiri natoka nyumbani Sumbawanga, nashika barabara ya Matai, kisha narudi kujiandaa kwenda ofisini. Baridi ya Ufipa saa hizo haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno.

Mwanamke anayekimbia peke yake gizani anaogopa wanaume kabla hajaogopa kitu kingine. Nilijilinda kwa kujificha. Nilivaa sweta jeusi, tochi sikubeba, na nikisikia mtu nanyamaza mpaka apite. Nilijiona mjanja kweli.

Kumbe barabara ile ina utaratibu wake, na mimi mtu wa kuja sikuujua. Wakulima wanaleta viazi sokoni kwa baiskeli, magunia mawili mawili nyuma. Wengi hawana taa, na breki ni soli ya kandambili inayokandamizwa kwenye tairi. Kwenye mteremko baiskeli ya hivyo haisimami. Kwa hiyo mwendeshaji anatanguliza salamu. Anaita gizani, aliye mbele anaitika, naye anajua mtu yuko upande gani, anampisha. Kusipoitikiwa, njia ni nyeupe.

Asubuhi moja ya kipupwe nikasikia sauti ya mzee nyuma yangu, juu ya mteremko.

"Mmeamkaje huko mbele?"

Nikanyamaza. Akarudia, karibu zaidi. Nikavuka upande wa pili kwa kunyata, nikitumaini atapita bila kujua kama nipo. Huko ndiko alikokuwa anakuja. Aliponiona nilikuwa hatua mbili mbele yake. Akakata usukani, akaingia mtaroni, na magunia yakamwangukia.

Paja lilivunjika. Niliita watu kwa sauti yote niliyokuwa nayo, sauti ileile niliyoibana dakika moja kabla. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi nilikuja, mwenyeji akavunjika.

Hospitalini mkewe aliniuliza kama mzee hakuita. Nikasema sikusikia kitu. Mzee alikuwa amelala palepale, macho wazi, anasikiliza. Wakanishukuru sana kwa kumfikisha, na shukrani hizo zikaninyima usingizi kuliko ajali yenyewe.

Siku hizi navaa kizibao kinachong'aa, kama vya bodaboda. Nakimbia upande wa kulia ili wanaokuja waje usoni kwangu, na nikiitwa naitika hata kama pumzi imekata. Wanaume bado nawaogopa. Lakini kila nikiitika namkumbuka yule ambaye sikumwitikia, na baada ya mavuno niliona siwezi tena, nikaenda kwake.

Nilimkuta amekaa mlangoni, mguu umeunga vibaya. Mkewe alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamuuliza kama ataendesha tena. Akatikisa kichwa.

"Mguu ungenivumilia. Ila baiskeli nimeuza. Tangu ujana naita kwenye mteremko ule, na watu wananisikia. Siku hiyo sijui sauti ilikwenda wapi. Mama huyu anasema nilisinzia, na mimi mwenyewe sina hakika tena. Mtu akifika hapo akae chini, asije akaua mtoto wa watu."

Mkewe hakuinua uso. Ilionekana wameshayazungumza hayo mara nyingi mpaka wakachoka.

Nilikuwa nimekuja na sukari na sabuni, na maneno marefu ya kuomba msamaha. Yote yalinipotea. Niliona haya.

"Baba, nilikusikia," nikasema. "Uliita mara mbili. Nilikusikia mara zote mbili. Niliogopa, nikanyamaza, na hospitalini nikadanganya."

Mkono wa mkewe ukasimama juu ya ungo. Mzee alinitazama, nami nikangoja kufukuzwa, maana ilikuwa haki yake. Lakini alimgeukia mkewe.

"Umesikia?" akamwambia. "Niliita."