Gari Kuukuu la Bibi Mshonaji

Gari kuukuu alilolinunua bibi mshonaji lilizimika kila lilipofika kona ya pili, na mkwewe, fundi magari, alishanyoosha mikono.

"Mama, hili ni chuma chakavu. Kesho nalipeleka likakatwe."

"Nimelinunua niliendeshe, sikulinunua nilizike."

Bibi akafungua kifuniko cha tangi la petroli. Tangi likavuta hewa kwa mluzi.

"Mwanangu, nani alipaka rangi kifuniko hiki?"

"Mimi, kipendeze."

"Ukaziba tundu la hewa. Hewa isipoingia tangini, petroli itafikaje kwenye injini?"

Akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni, akalizibua tundu, akashika usukani. Wakapita kona ya pili, ya tatu, mpaka sokoni bila kuzimika.

"Mama, niendeshe kidogo?"

"Wewe punga mkono, watu wanatutazama."