Maji ya Chumvi Kule Masisi

Nilikuwa makanika wa shamba la chai kule Masisi wakati mwenye shamba, mzungu mmoja mzee, alipotaka kuweka samaki wa bahari nyumbani kwake. Uhuru ulikuwa umekwisha kuja na wenzake wengi walikuwa wameondoka. Yeye alibaki kwa sababu ya mke wake. Madamu alikuwa na ugonjwa wa tumbo, na daktari wa Goma alishasema hakuna dawa tena. Kwao kulikuwa kando ya bahari, lakini hakuwa na nguvu ya kusafiri.

Basi mumewe akaagiza vioo vizito. Nikaunga fremu ya chuma na kuipaka rangi nzito ili kutu isiingie majini, tukapata tangi refu kama kitanda. Chumvi ya bahari ilikuja kwa ndege. Kazi ya kuchuja maji nikapewa mimi. Tiyo, yaani mabomba, za shaba zilikatazwa, maana shaba inaua samaki wa bahari. Nikachukua za plastiki, nikazitoboa matundu madogo, nikazilaza chini kabisa. Juu yazo changarawe, na juu ya changarawe mchanga mweupe niliouchota mtoni upande wa Walikale, kwa sababu wa kwetu umejaa udongo. Pompi ndogo ya hewa, iliyopata umeme kwa turbine ya kijito, ilivuta maji yapite ndani ya mchanga na kurudi juu. Pembeni niliweka sanduku la makala, yaani mkaa, na pamba.

Maji yalipoanza kuzunguka yalikuwa maangavu kuliko ya kunywa. Mzee akanieleza kwamba huo ni usafi wa macho tu. Ndani ya mchanga lazima waote wadudu wasioonekana, wanaokula sumu ya uchafu wa samaki, nao wanataka majuma mengi. Alijua hayo vizuri. Hata hivyo, hayakupita majuma mengi akaagiza samaki. Nilimuuliza kama si afadhali tungoje kidogo.

"Mchanga iko na wakati," akasema. "Yeye hana."

Samaki walifika, wa manjano na wa buluu, na tukasogeza kitanda cha Madamu sebuleni. Siku ile alicheka. Akaniambia samaki wa kwao ni wa kijivu, wa kuliwa tu, na warembo kama hawa hajawahi kuwaona. Mumewe alisimama nyuma ya kitanda, ameshika chuma cha kichwani kwa mikono miwili.

Haikuchukua muda maji yakawa na ukungu. Samaki wakapanda juu kutafuta hewa, midomo wazi. Nilibadilisha maji, nikafua pamba, nikaweka makala mapya, bila faida. Mzee akaniagiza niwe natoa waliokufa kabla mke wake hajaamka, na akiuliza niseme wamejificha kwenye mawe.

Asubuhi moja mkono wangu ulikuwa majini hadi begani niliposikia nyuma yangu sauti ya Madamu, ambaye alizoea kuniita Papa.

"Papa, huyo wa buluu njo wa mwisho?"

Nikamjibu kwamba wengine wamejificha.

"Acha, Papa. Nilijua zamani. Lakini bwana yangu asijue kama najua. Itamuumiza."

Nikamfunga samaki katika kitambaa, nikatoka. Tangu hapo nilikuwa naingia nyumba ile nimebeba uongo wa pande mbili. Nilipomweleza mke wangu, alisema hao wawili wanapendana na ndiyo maana wanakaa hivyo, kila mmoja peke yake.

Madamu alifariki kabla ya mvua. Hakuna aliyekumbuka kuzima pompi. Ukungu ukaisha wenyewe, na samaki mmoja mdogo wa milia, ambaye sote tulidhani amekufa, akatoka kwenye mawe akaanza kula. Mzee alimtazama, akaniuliza kama maji yamekomaa sasa. Nikasema ndiyo. Akarudi chumbani akafunga mlango.

Nilimlisha samaki yule mpaka vita vilipofika kwenye vilima vyetu. Mzee akaenda Goma na sanduku moja. Mimi na mke wangu tuliwachukua watoto, tukateremka hadi kijiji cha Kashebere kwa miguu, tukalala kwa watu. Huko ndiko tulikoambiwa kwamba nyumba ya shambani imechomwa. Mke wangu akauliza habari za mashamba yetu ya maharagwe. Nayo yalikuwa yameteketea.