Kistari cha Mama Chapa

Kwa miaka mingi Mama Chapa alikuwa mpiga chapa wa shule, na vidole vyake vilikuwa gumzo. Mwalimu akimaliza kumsomea sentensi, yeye ameshaipiga zamani, anamtazama tu kwa jicho la "haya, endelea." Kisha taipureta ikapelekwa stoo, mezani ikawekwa kompyuta. Fundi akamwonyesha kipanya na namna ya kufungua ukurasa, akamuuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa. Hakuelewa hata chembe, lakini mtu mzima na sifa zake zote angeanzaje kuuliza?

Siku ya kuchapa mtihani wa mwisho wa mwaka, herufi zilimtii. Kilichobaki ni kukipigia kichwa mstari, maana karatasi yenye kichwa kisicho na mstari haijawahi kutoka mikononi mwake. Akatafuta, akaona kistari juu kabisa, pembeni kulia. Akakibofya. Mtihani wote ukatoweka, ikabaki picha ya milima. Jasho likamtoka. Akaanza upya, akafika mwisho, akabofya kistari kilekile, na milima ikarudi.

Mkuu wa shule akaingia. "Mama, mtihani uko wapi?"

"Umefutika," akasema, na mdomo ukamponza. "Mfagiaji aliipangusa mashine asubuhi. Sijui alibonyeza nini."

Mfagiaji huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na kazi hiyo ni yeye aliyemwombea. Akaitwa, akafokewa mbele ya walimu, akaambiwa akusanye vitu vyake aondoke. Hakujibu neno. Alikikunja kitambaa chake cha vumbi, akatoka, na Mama Chapa akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Fundi alipoitwa hakukaa hata kitini. Alibofya ukanda wa chini kwenye skrini, mitihani ikajitokeza, yote miwili mizima.

"Hakuna kilichofutika, mama. Kistari hiki kinaushusha ukurasa chini, basi. Umeushusha mwenyewe."

Mkuu akashusha pumzi, akaanza kumshukuru fundi. Hakuna aliyemkumbuka mfagiaji. Mama Chapa angeweza kunyamaza yakaisha hivyo hivyo, lakini akainuka kitini.

"Nilisema uongo," akasema. "Wifi yangu hana kosa. Niliona haya kusema sijui."

Walimu wakatazama chini. Mkuu akasema, "Basi kamrudishe wewe mwenyewe."

Alimkuta bombani nyuma ya madarasa, anasuuza ndoo ili aikabidhi.

"Wifi, nisamehe. Nilikusingizia."

"Najua. Nilikuwa hapo nje nafuta vioo. Nikakuona unabofya, unashika kichwa, unaanza tena."

"Sasa mbona ulinyamaza, na kazi inakuponyoka?"

Wifi akaikung'uta ndoo. "Nikuvue nguo mbele ya walimu wote? Halafu jioni tukae sebule moja tutazamane vipi?"

Mama Chapa aliichukua ile ndoo mkononi mwa wifi yake, akaibeba mwenyewe, wakarudi kwa njia ya mbele, walikokuwa walimu.