Punda Ndiye Aliyeruhusiwa Kulia

Hapa Landless, mtaa wetu wa Thika, kuna mtu anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda, na punda wake akilia asubuhi mimi huacha nilichoshika. Kama ni chai, inapoa. Ile sauti mnaijua, kama mlango wenye kutu unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Inanirudisha Mugutha kwa Guka, babu yetu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na miaka tisa hivi. Nasema hivi kwa sababu sina hakika. Shule niliachia darasa la nane, na kichwa changu huchanganya mambo. Nikikosea mnivumilie.

Guka alipigana Burma, kwenye vita vya Wazungu. Nianze na mema yake, maana aliyekufa hana wakili. Hakunywa pombe. Alisomesha watoto wake wote kwa maziwa na mbuzi. Baba alipotutoroka, ni Guka aliyekuja Thika kutuchukua, mama na mimi na ndugu yangu mdogo Njoroge, na hakutuuliza hata siku moja tutakaa mpaka lini. Githeri ya kwake, mahindi na maharagwe, haikupimwa.

Lakini kwa Guka hakuna mtoto aliyelia kwa sauti. Ukilia, kiboko. Ukililia kiboko, kingine, mpaka ujue kulia mdomo ukiwa umefungwa, machozi yakishuka tu kama ya mtu anayekata vitunguu. Sababu alitueleza mara moja, tukiambua mahindi.

"Kule msituni Burma punda wa jeshi walikatwa sauti, wasituuze kwa adui. Walibeba risasi, walibeba mchele. Wakiumia walifungua mdomo hivi," akafungua mdomo wake, meno machache, "na hakuna kitu kilitoka. Punda aliweza. Wewe ni nani ushindwe?"

Aliyenyamaza vizuri alipewa peremende kutoka mfuko wa koti, imeshikana na nyuzi na ugoro, na neno moja: "Askari." Msifikiri tuliichukia. Tuliitafuta ile peremende. Njoroge, wa miaka mitano, ndiye alikuwa bingwa. Mimi kwikwi ilinishinda.

Na punda wake mwenyewe, wa kuteka maji, huyo hakuguswa. Akianza kulia, Guka alisimama wima, jembe mkononi, mpaka amalize.

"Mwacheni," alisema. "Huyo analia na ya wenzake."

Tulimwonea punda wivu.

Siku hizo mashamba yalikuwa yameanza kukatwa ploti, na kila mahali kulikuwa na shimo la choo la mtu anayejenga. Mchana mmoja Njoroge alimfuata mwanambuzi huko, hakurudi. Tulimtafuta sote. Mama Nekesa, jirani yetu mwenye kwao Bungoma, aliita kwa ile sauti yake inayofika mtoni: "Njoroge wee! Mtoto wa wenyewe, itika!" Kimya. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia maishani, Guka akipaza sauti huko kwenye ploti.

"Njoroge! Lia! Lia nijue uko wapi!"

Alipita akienda, akapita akirudi. "Lia, mtoto wangu! Lia!"

Mama Nekesa akasimama, mikono kiunoni. "Mzee, ni leo ndio unataka alie?"

 Guka aliendelea kuita mpaka sauti ikakauka.

Asubuhi, mchimbaji wa choo aliporudi kazini, aliondoa bati legevu lililokuwa limejifunika tena juu ya shimo, akaona macho mawili kule chini. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Njoroge alivutwa juu kwa kamba, mguu ukining'inia, na hakusema hata "uui". Mchimbaji ndiye aliyelia.

Hospitalini Guka alikaa kando ya kitanda, kofia magotini.

"Ulinisikia nikiita?"

"Ndio, Guka. Ulipita hapo juu mara mbili."

"Na nikikwambia ulie?"

Njoroge akatabasamu. Hilo sina shaka nalo, nilikuwa miguuni pa kitanda. "Nilijua unanipima. Nilinyamaza vizuri."

Guka aliweka kofia kitandani. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa peremende, ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Mama akaiokota, akaipangusa, akampa mtoto. Neno "Askari" halikutoka. Mpaka leo sijui ile peremende ilikuwa ya kumsifu au ya kumwomba msamaha. Nimejaribu kuiandika kwa njia zote mbili, na zote mbili naona kama namsingizia.

Mguu uliunga vibaya. Tangu siku hiyo kiboko kilikaa juu ya mlango, hakikushuka tena, hilo pia niseme. Lakini sisi tulikuwa tumeshajua kunyamaza. Guka aliishi sana, akafa usingizini, na siku ya mazishi aliyepiga nduru ni Mama Nekesa peke yake. Watu walisema wajukuu walimchukia mzee wao. Si kweli. Hatukujua pa kuanzia.

Utotoni nilidhani sisi tulikuwa askari wake. Nimekuja kuona ukubwani kwamba tulikuwa wale punda.

Majuzi nilikuwa kwa Njoroge, Ruiru. Msichana wake wa miaka mitatu alianguka kwenye ngazi ya mlango, akapiga kelele moja. Njoroge aliinuka na mguu wake, na kabla ya kumfikia mtoto akafunga dirisha.

"Mwache alie, Njoroge," nikamwambia.

Aliniangalia kama nimemtukana. Kisha akaanza kupapasa mfuko wa koti.

Mtoto alikuwa ameshanyamaza. Machozi yanashuka, mdomo umefungwa, na kiganja amekinyoosha mbele, kiko wazi.