Mzee Aliyekataa Kuanza Kusema

Usiniambie niliota. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha Kimuli, na mimi nilikuwa na hasira. Nani anaota akiwa na hasira?

Kazi yangu ni kuandika programu. Siku ile nilikuwa zahanati na dada yangu, ameshikwa na uchungu. Mtoto amekaa vibaya, nesi anataka gari la wagonjwa, simu hazishiki pale, na kifaa pekee cha mtandao kimeganda. Nikikizima na kukiwasha, kinaganda tena. Nikafungua kiendeshi chake, yaani programu inayokiongoza. Jamani, aliyeiandika aliweka kufuli kila kona, yaani amri ya sehemu moja kusubiri nyingine imalize, eti data zisigongane. Nilisoma mpaka kichwa kikaniuma, kosa silioni.

Hapo mzee akasimama mlangoni. Nje mvua kubwa, koti lake lenye kiraka begani kavu. Niamini.

"Shikamoo mzee. Una shida gani?"

"Mgeni hupewa kahawa kwanza, ndipo aseme."

Mama alikuwa amenifungia kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba. Lakini muda uko wapi? "Sema kwanza, mzee, nitakupa."

"Nipe kwanza, nitasema."

Tukabaki hivyo, yeye kashika neno lake, mimi nimeshika kahawa yangu, dada analia chumba cha pili. Nilichukia, nikamwekea kahawa yote mkononi. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Akatafuna, akatema ganda. "Mke wangu alifia uzazi. Mimi na jirani mwenye baiskeli ya kumpeleka hospitali tulikuwa tumenuniana, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kusema."

Nikageukia kompyuta, kosa likaonekana. Sehemu ya kutuma imeshika kufuli lake, inasubiri la kupokea. Ya kupokea imeshika lake, inasubiri la kutuma. Nikayafuta yote, nikaweka moja tu la kutumiwa na sehemu zote mbili. Kifaa kikaamka, nesi akaita gari. Kugeuka, mzee hayupo.

Mama alipokuja hospitali kumwona mjukuu, nikamweleza habari ya mzee na lile koti la kiraka. Akaketi. "Huyo ni babu yako. Tulimzika nalo kabla hujazaliwa."

Dada mzima, mtoto mzima. Mimi ndiye sina amani. Kila nikiongeza kufuli la pili kwenye kazi yangu, asubuhi nakuta ganda la kahawa juu ya kompyuta, bado lina mate. Hata kufuli lenye sababu. Marehemu utamweleza nini? Wewe unayeandika viendeshi, punguza makufuli. Na mzee akisimama mlangoni kwako, mpe kahawa kwanza, usibishane naye.