Karanga chini ya kifungo

Nilifuta sura ya marehemu baba kwa mikono yangu mwenyewe. Kompyuta yangu, hapa nyumbani Bunia, ilikuwa inafungua upya kila ukurasa kabla sijamaliza mustari mmoja. Miye, fundi wa mdomo tu, nikasema ni virusi, nikafuta vyote. Picha za baba zilikuwa mule tu. Zingine ziliungua na nyumba yetu kule Djugu.

Ukurasa ukaendelea kujifungua. Nikaita jirani, Mama Neema, mwenye kutengeneza telefone, nikamuelezea yote. Akang'oa kwenye kibodi kifungo cha kufungua ukurasa upya. Chini yake nusu karanga ilikuwa imekikwamisha. Akaangalia sahani yangu ya karanga, kisha miye.

“Papa Jean, ulimuzika baba yako mara ya pili, sababu ya karanga.”